Mama anayesubiri mashine mpya ya mionzi, aanze na iliyopo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na unisamehe kama itakuwa ndefu manake jambo lenyewe haliingii kwenye mistari mitano. Mimi kazi yangu ni fizikia tiba, yaani ndo sisi tunaokaa kwenye kompyuta kupanga mionzi ipite wapi kwenye mwili wa mgonjwa, ipite kiasi gani na ikwepe nini, na wagonjwa wengi ninaowapangia ni akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi. Wengi wao hawajui hata kama tupo. Wanamjua daktari, wanamjua yule dada anayewalaza kwenye mashine, sisi tupo chumba cha pili.

Kilichonifanya niandike ni ile habari mliyoitoa kuhusu mashine mpya ya mionzi, kwamba inamzunguka mgonjwa na kumaliza kazi dakika chache na kwamba mashine za zamani zinaunguza watu. Sikatai kwamba mashine ni nzuri. Lakini wiki ile ile wamama wawili waliokuwa kwenye orodha ya kuanza Jumatatu waliomba watolewe, wakasema wanasubiri hiyo ya kuzunguka, mmoja alikuja na gazeti lenyewe limekunjwa kwenye mkoba akanionyesha, akasema mwanangu mimi sitaki kuunguzwa, nitasubiri. Nikamuuliza utasubiri mpaka lini mama, akasema hata miezi mitatu. Uvimbe wake ulikuwa umeshaingia kwenye nyama za pembeni zinazoshikilia kizazi, ile hatua ambayo madaktari hawapasui tena. Miezi mitatu! Usiku ule usingizi haukuja, nikasema hapana, hili lazima niliandike.

Ngoja nianze na tiba yenyewe ikoje. Saratani hii ikishavuka hatua za mwanzo, tiba yake kubwa duniani kote ni mionzi pamoja na kemo ya kila wiki, dawa inaitwa sisplatini, na hii ya kuchanganya kemo na mionzi sio habari ya jana, ilikubalika tangu 1999 baada ya tafiti tano kubwa kutoa majibu karibu kwa wakati mmoja, zote zikionyesha wanawake waliopewa vyote viwili wanaishi zaidi. Mionzi yenyewe ina awamu mbili. Ya kwanza inatoka nje, mama analala kitandani na mashine inampiga kwenye nyonga siku tano kwa wiki, wiki kama tano, jumla grei 45 mpaka 50 hivi, grei ni kipimo cha dozi kama kilo ilivyo kipimo cha uzito. Awamu ya pili ni ya ndani, chanzo cha mionzi kinapelekwa mpaka kwenye mlango wa kizazi wenyewe kupitia ukeni. Sasa hizo plani zote mnazosikia watu wakizisifia, sijui boksi, sijui IMRT, sijui VMAT, zinahusu hii awamu ya kwanza. Naomba hilo likae kichwani mpaka mwisho wa barua.

Boksi ndo la zamani kuliko yote. Mionzi inapigwa kutoka pande nne, mbele, nyuma, kulia na kushoto, inakutana katikati kama kuta za chumba, na kila kilichomo ndani ya chumba kile kinapata dozi ile ile. Zamani mipaka ilichorwa kwa kuangalia mifupa kwenye eksirei, juu unaanzia pale pingili ya nne na ya tano za kiuno zinapokutana, chini unashuka mpaka kwenye matundu ya mfupa wa nyonga, pembeni unatoka nje ya ukingo wa nyonga sentimita moja na nusu au mbili. Uvimbe hauonekani vizuri kwenye eksirei, kwa hiyo unapiga eneo kubwa ili usiukose. Na bado wanawake wengi walipona hivyo hivyo, tena kwa mashine za kobalti ambazo zilianza kutibu watu Kanada mwaka 1951, kwa hiyo mtu asije akadhani boksi lilikuwa mchezo.

Shangazi yangu mwenyewe alitibiwa kwa boksi, mimi nikiwa bado nasoma, na alipona, yupo mpaka leo namshukuru Mungu. Lakini ukimwalika kwenye shughuli yoyote swali lake la kwanza ni choo kiko wapi, halafu anakaa kiti cha karibu na mlango, na akiwa na safari basi tangu jana yake hali kitu cha maana. Hajawahi kulalamika. Miaka mingi nilidhani ni mazoea yake tu, mpaka nilipoingia kwenye kazi hii nikaona kwenye picha jinsi utumbo mwembamba unavyoning'inia mpaka ndani ya nyonga, nikaelewa kwamba utumbo wa shangazi ulikuwa ndani ya lile boksi siku zote zile, haukuwa na saratani lakini ulikula dozi ya saratani.

Baadaye ikaja siti skani, tukaanza kupanga kwa picha za vipande vya mwili mzima wa nyonga badala ya eksirei moja. Hiyo ndo wanaita plani ya pande tatu, manake picha ina urefu, upana na kina, sio kwamba mionzi inatoka pande tatu. Daktari anachora kipande kwa kipande uvimbe uko wapi, kizazi kiko wapi, tezi za mitoki ziko wapi pembeni ya mishipa mikubwa ya damu, halafu kwenye kichwa cha mashine kuna vibao vyembamba vya tangsteni vinavyoingia na kutoka kama meno ya kitana, vinakata mionzi ifuate umbo lile. Pale pembeni unaokoa kitu, kibofu kidogo, puru kidogo, yaani ule mwisho wa utumbo mkubwa. Ila ukitazama vizuri bado ni boksi lililokatwa kona, kwa sababu eneo letu la kutibu lina umbo la ajabu, tezi ziko kulia na kushoto na nyuma, na utumbo umekaa pale pale katikati na mbele, na mionzi inayonyooka haiwezi kupinda kukwepa kitu kilichokaa katikati.

IMRT ndo iliyokuja kutatua hilo. Hapa kazi inaendeshwa kinyume, mimi siiambii kompyuta ipige wapi, naiambia ninachotaka, kwamba uvimbe na tezi zipate grei 45, utumbo uliopata grei 45 usizidi sentimita za ujazo 195, kibofu kisizidi hivi, uboho wa mifupa usizidi hivi, halafu kompyuta inatafuta yenyewe kwa kujaribu na kurekebisha mara nyingi sana. Mionzi inatoka pande saba au tisa na kila upande umegawanywa vipande vidogo vidogo, hapa kali hapa hafifu. Ukijumlisha zote dozi inakunja kama mtu aliyekumbatia kitu kwa mikono miwili na kuacha kifua wazi, na kwenye hiyo sehemu ya wazi ndo umeuficha utumbo. Mara ya kwanza nilipoiona rangi nyekundu kwenye skrini inapinda kuukwepa utumbo nilimkumbuka shangazi, sitaki kudanganya, macho yalijaa machozi.

VMAT ni mdogo wake IMRT. Ilianza kusikika sana kuanzia 2008. Badala ya kusimama pande saba au tisa, mashine inazunguka mgonjwa huku inapiga bila kusimama, vibao vinacheza, kasi inabadilika, dozi inabadilika, mzunguko mmoja au miwili kazi imeisha. Hii ndo mliyoiandika nyinyi. Na hapa niseme wazi kama mtu anayezipanga zote mbili, ukiniwekea mezani plani ya IMRT na ya VMAT za mgonjwa mmoja ukafuta majina, nikaangalia ile dozi kubwa inayozunguka uvimbe tu, mara nyingi nitabahatisha ipi ni ipi. Kuna mahali VMAT inashinda kidogo kwenye puru, kuna mahali IMRT inashinda kidogo kwenye kitu kingine, inategemea pia aliyepanga ana uzoefu gani na amekaa nayo muda gani. Tofauti yao kubwa ni muda. IMRT mama anaweza kulala pale dakika 10 au 15 mionzi ikiwa inatoka, VMAT ni dakika 2 mpaka 4. Kwa mama mwenye maumivu ya mgongo, amebana mkojo, amelala kwenye kitanda kigumu, hizo dakika ni nyingi kweli, na pia ndani ya dakika 15 kibofu kinaendelea kujaa na vitu vinasogea, kwa hiyo muda mfupi sio raha tu, unasaidia hata kulenga.

Ila mionzi haifutiki, ukiikwepesha hapa inapita kule. Kwenye IMRT na VMAT ile dozi ndogo ndogo inasambaa eneo kubwa zaidi la mwili kuliko kwenye boksi, na kwa mama kijana mwenye miaka mingi mbele yake, madaktari wanaliwazia hilo kwa sababu dozi ndogo nazo zina hatari yake huko mbele. Kwangu mimi mizani bado inaelemea kwenye kuokoa utumbo. Lakini mgonjwa ana haki ya kuambiwa na upande huo, asiambiwe tu kwamba mashine ya kisasa haina madhara.

Sasa mtu atauliza, haya ya kwenye skrini yanaonekana kwa mgonjwa kweli? Yanaonekana. Kuna utafiti wa India, hospitali ya Tata Memorial kule Mumbai, matokeo yakatoka 2021, wanawake 300 wenye saratani ya mlango wa kizazi waliokuwa wameshafanyiwa upasuaji, wakagawanywa kwa kura, nusu plani ya pande tatu ya kawaida, nusu IMRT yenye picha za kuhakiki kabla ya kupiga kwamba kila kitu kiko mahali pake. Ndani ya miaka mitatu, waliobaki na shida za utumbo za kusumbua kwenye kundi la plani ya kawaida walikuwa kama 42 kati ya kila 100, na kwenye IMRT walikuwa 21. Nusu! Na Marekani kulikuwa na mwingine uliotoka 2018, nao ni wanawake waliopasuliwa, saratani ya mlango wa kizazi na ya mfuko wa kizazi, wao wakawauliza wagonjwa wenyewe badala ya kumuuliza daktari, na mwisho wa mionzi waliosema wanaharisha mara kwa mara au karibu muda wote walikuwa asilimia 51.9 kwa plani ya pande nne, yaani lile boksi, na asilimia 33.7 kwa IMRT. Mimi huu wa kuwauliza wenyewe naupenda sana, kwa sababu mama akiulizwa na daktari akiwa amevaa vizuri amekaa kwenye kiti atasema naendelea vizuri, karatasi ndo anaiambia ukweli.

Lakini soma tena huo wa Mumbai, mhariri. Kwenye kupona, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Saratani haikurudi zaidi kwa waliopigwa plani ya kawaida. Yaani IMRT iliwapunguzia mateso ya utumbo, haikuwaponya zaidi. Hii ndo sentensi ambayo ilitakiwa iwemo kwenye ile habari yenu na haikuwemo, na kukosekana kwake ndo kumewatoa wamama wawili kwenye foleni.

Na kuna kitu kingine ambacho watu hawaambiwi, kwamba plani nzuri inaweza kukosa. Boksi lina msamaha, ukikosea kidogo uvimbe bado uko ndani ya chumba. IMRT na VMAT hazina msamaha huo, mpaka wa dozi umekaa milimita chache kutoka kwenye mpaka wa uvimbe, na kizazi ni kitu kinachohama. Kibofu kikijaa kinakisukuma kizazi juu na nyuma, kikiwa kitupu kizazi kinalala mbele, sentimita mbili tatu ni kitu cha kawaida kabisa, na puru ikiwa na gesi nayo inasukuma upande wake. Juu ya hapo uvimbe wenyewe unapungua wiki hadi wiki. Kwa hiyo plani uliyoichora siku ya kwanza inaweza kuwa plani ya mtu mwingine wiki ya tatu.

Hili nililiona kwa macho yangu. Kuna mahali niliwahi kufanya kazi tulianza IMRT kwa haraka, kila mtu anataka kusema na sisi tunayo, lakini utaratibu wa kupiga picha kila siku kabla ya kutibu haukuwepo, tulikuwa tunapiga mara moja kwa wiki na wiki nyingine inarukwa kwa sababu foleni ni ndefu. Mama mmoja tulimfanyia siti skani ya kupanga kibofu kimejaa vizuri, plani ikatoka safi sana, niliipanga mimi. Siku ya tisa au ya kumi ndo tukampiga picha. Naikumbuka ile picha. Mstari wangu wa rangi ulikuwa pale nilipouchora, na kizazi kilikuwa kimelala mbele, sehemu yake ya juu iko nje ya mstari kabisa, kibofu kimekuwa kidogo kama ngumi ya mtoto. Nikatoka nikaenda kumuuliza mama vipi ulikunywa maji kama tulivyokwambia. Akaniangalia akasema mwanangu nilikunywa chupa nzima kama mlivyosema, nikakaa kwenye benchi, saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, nikabana mpaka nikashindwa, nikaenda chooni, niliporudi ndo mkaniita. Sikuwa na la kumjibu. Yeye alifanya kila tulichomwambia, sisi ndo tulimchelewesha kwenye benchi. Tulisimamisha, tukapanga upya siku hiyo hiyo kwa mipaka mipana zaidi, na kuanzia hapo kila mama akawa anapewa maji kwa saa, akinywa tunamwandikia muda na zamu yake hairukwi, lakini zile siku tisa hakuna anayejua kizazi kilikuwa wapi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ipi bora, VMAT bila picha ya kila siku au plani ya pande tatu yenye mipaka mipana, nitachukua ya pande tatu bila kufikiria mara mbili. VMAT yenye picha kila asubuhi, yenye utaratibu wa kibofu, yenye mtu anayepima plani kwenye fantomu, yaani mwili bandia wa kupimia, kabla haijamgusa mgonjwa, hiyo ndo bora kuliko zote na naipigania kila siku. Kuna hospitali zinaandaa kabisa plani kadhaa za mgonjwa mmoja, ya kibofu kikubwa, ya kibofu cha kati na ya kibofu kidogo, halafu kila siku wanapiga picha wanachagua inayofanana na siku hiyo. Natamani siku moja iwe kawaida.

Sasa turudi kwenye ile awamu ya pili niliyoomba ikae kichwani. Mionzi ya ndani. Hii haina sura ya kisasa, haipendezi kwenye picha ya gazeti, ni vifaa vya chuma au plastiki vinavyoingizwa ukeni na kwenye kizazi, halafu kichanzo kidogo cha iridiamu au kobalti, kidogo kama punje ya mchele, kinaingia kwa waya kinakaa sekunde kadhaa hapa, sekunde kadhaa pale, kinatoka. Ni tiba ya zamani sana, daktari mwanamke wa New York anaitwa Margaret Cleaves aliweka radiamu kwa mgonjwa wa saratani hii mwaka 1903. Nguvu yake ni kwamba dozi inashuka haraka mno ukitoka kwenye chanzo, umbali ukiongezeka mara mbili dozi inabaki kama robo, kwa hiyo uvimbe unapata kikubwa sana na kibofu na puru vilivyo jirani vinabaki na kidogo. Ukijumlisha na ile ya nje unataka uvimbe ufikishe grei 85 au zaidi. Hakuna IMRT wala VMAT duniani inayoweza kufikisha dozi hiyo pale kutoka nje bila kuumiza jirani, na zaidi ya hapo kifaa cha ndani kinahama pamoja na kizazi, kizazi kikisogea nacho kinasogea.

Na upangaji wake nao una zamani na sasa. Tangu 1938 watu wa Manchester walikuwa wanatumia nukta moja inaitwa nukta A, sentimita mbili juu na sentimita mbili pembeni ya mlango wa kizazi, kila mwanamke nukta ile ile awe na uvimbe mdogo au mkubwa. Sasa hivi ukiwa na picha za MRI unachora uvimbe uliobaki siku hiyo na unaupa dozi yake. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa EMBRACE uliofuata wagonjwa zaidi ya 1,300, matokeo 2021, ulionyesha kwa njia hiyo uvimbe ulidhibitiwa pale pale ulipo kwa asilimia 92 baada ya miaka 5, wakiwemo na wenye uvimbe mkubwa. Asilimia 92 mhariri, kwenye ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 uliua wanawake kama 350,000. Kama unataka mapinduzi ya kuandika ukurasa wa mbele, haya hapa.

Inaniuma kwa sababu Marekani, penye mashine za kila aina, takwimu zao zilionyesha waliokuwa wanapewa mionzi ya ndani walishuka kutoka asilimia 83 mwaka 1988 hadi 58 mwaka 2009, na waliokosa waliishi muda mfupi zaidi. Wakati huo huo plani za nje zilikuwa zinazidi kupendeza, na kuna waliodhani uzuri ule unatosha kuziba pengo. Kwa hiyo mama akiingia hospitali yoyote, swali lake la kwanza lisiwe mnayo ya kuzunguka, liwe mionzi ya ndani mnayo, na kama hamna mtanipeleka wapi na lini, manake ikikosekana hiyo tiba haijakamilika hata kama ya nje ilipigwa na mashine iliyotoka kiwandani jana.

Na saa inakimbia. Kuanzia siku ya kwanza ya mionzi mpaka ya mwisho ya ndani inatakiwa isizidi wiki 8, ikizidi seli za saratani zinaanza kuzaliana kwa kasi katikati ya tiba na kila siku inayoongezeka inakula nafasi ya kupona, wengi wanakadiria kama asilimia moja kwa siku. Hapo ni baada ya kuanza, kabla ya kuanza uvimbe wenyewe hausubiri mtu. Plani ya IMRT inachukua muda kuchora, kuipanga, kuipima, siku kadhaa, na sehemu yenye wataalamu wachache ni wiki. Ndo maana nasema kwa mdomo mpana, mama mwenye nafasi ya plani ya pande tatu Jumatatu hii, yenye kemo yake na mionzi ya ndani iliyopangiwa tarehe, yuko mahali pazuri kuliko mwenye ahadi ya VMAT baada ya miezi mitatu. Utumbo unaweza kumsumbua, hilo simfichi, zipo dawa za kuharisha, upo ushauri wa chakula, na sisi tunajitahidi kuupunguza hata kwenye plani ya kawaida kwa kujaza kibofu maana kibofu kikijaa kinausukuma utumbo utoke kwenye nyonga. Lakini uvimbe ulioachwa miezi mitatu unaweza kufika kwenye mirija ya mkojo, ukaziba figo, na hapo hata kemo yenyewe ya sisplatini haiwezekani tena kwa sababu inahitaji figo nzima.

Ombi langu kwako mhariri ni kwamba mwandishi wako akienda tena kwenye uzinduzi wa mashine, baada ya kupiga picha utepe, aulize vitu vichache. Picha za kuhakiki zinapigwa kila siku au mara moja kwa wiki? Wataalamu wa kuchora na kupanga wako wangapi? Mionzi ya ndani ipo kwenye jengo hilo hilo? Kutoka siku ya majibu ya kinyama mpaka siku ya kwanza ya mionzi ni siku ngapi? Majibu yake ndo yachapishwe, kwa herufi kubwa kama zile mlizoandikia dakika chache.

Yule mama mwenye gazeti kwenye mkoba nilikaa naye karibu saa nzima, nikamfungulia kompyuta nikamwonyesha plani yake mwenyewe, hii ndo kizazi, hii ndo kibofu, hapa ndo utumbo, akaniuliza kwa hiyo maji nikinywa mengi utumbo unapanda, nikamwambia ndiyo mama, unapanda. Ameanza Jumanne, jana ilikuwa siku ya nne na kibofu kilikuwa kimejaa vizuri. Yule wa pili tumempigia simu mara sita haipatikani. Kama anasoma barua hii, au kuna ndugu yake anaisoma, nafasi yake hatujaifuta, aje siku yoyote asubuhi, asisubiri kupigiwa.

Wako,
Msomaji wako, mpangaji wa mionzi